Kuandika kitabu cha maji ya Dar es Salaam: namba zipi za kuamini, na zinapatikana wapi?

KalamuYaPwani

Wakuu, habari za leo. Naandaa kitabu kwa Kiswahili, si riwaya, kinachofuata maji ya Dar es Salaam kutoka milima ya Uluguru mpaka kwenye ndoo ya mpangaji wa Manzese, halafu kinaendelea na majitaka mpaka baharini. Namwandikia mtu anayelipa bili na kununua dumu, simwandikii mhandisi. Sura zimeshapangwa: mto Ruvu na mitambo yake, mabomba na mita, wauza maji, visima, vyoo, na bonde la Msimbazi.

Kazi ngumu ni ushahidi. Naomba wenye ujuzi mnisaidie haya:

1. Nikitaka kusema mkazi mmoja anapata lita ngapi kwa siku, nachukua namba ipi na kuigawa kwa ipi? Kila taarifa ina yake.
2. Bei ya dumu na bei ya bomba zinalinganishwaje bila kumwonea mtu?
3. Habari za enzi ya Mjerumani na Mwingereza ziko wapi, na mitego yake ni ipi?
4. Visima vinavyoingia chumvi: napimaje kabla ya kuandika, na kipimo hudanganya wapi?

FundiMita

Swali la kwanza ndilo litakalobeba kitabu, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Mitambo mikubwa ni miwili, yote inanywa mto mmoja. Ruvu Juu uko Mlandizi na ulianza 1959. Ruvu Chini uko upande wa Bagamoyo, wa 1976. Baada ya upanuzi, Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, jumla milioni 466. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Gawanya, utapata kama lita 87 kwa mtu kwa siku. Waandishi wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Kwanza, uwezo wa mtambo si uzalishaji wake. Mvua kubwa ikinyesha Morogoro mto hushuka na tope, dawa ya kugandisha tope huongezwa, na vichujio huziba haraka. Kila kichujio kinapooshwa, maji yaliyokwisha safishwa hutumika kukiosha. Umeme ukikatika pampu husimama. Kiangazi kikali kikija, kama mwishoni mwa 2022 jiji lilipoingia kwenye mgao, mto wenyewe hauna cha kutoa hata mitambo ikiwa mizima. Omba uzalishaji wa kila mwezi, angalau wa miaka mitatu mfululizo, uone miezi inavyopanda na kushuka.

Pili, anayegawiwa si mkazi wa mkoa peke yake. Mabomba hayo yanahudumia Kibaha na Bagamoyo pia. Na ndani ya mkoa wapo maelfu wasiokunywa Ruvu kabisa, wanaishi kwa visima. Kwa hiyo namba inayogawanywa na namba inayogawa zote mbili zinayumba.

Tatu ni upotevu. Tuseme, kwa mfano tu, upotevu ni asilimia 40: zile lita 87 zinabaki 52. Lakini usiandike "yamevuja". Upotevu ni tofauti kati ya maji yaliyozalishwa na maji yaliyolipishwa bili, na ndani yake mna mambo mawili tofauti kabisa. Kuna maji yaliyomwagika ardhini kupitia bomba lililopasuka. Na kuna maji yaliyofika kwa mtu, yakanywewa na yakafulia nguo, ila hayakuandikwa: maunganisho ya wizi, mita mbovu, makadirio ya bili, makosa ya kusoma mita. Ya kwanza yakizibwa, mji unapata maji zaidi. Ya pili yakizibwa, mamlaka inapata fedha zaidi, lakini mji haupati maji mapya kwa kiasi hicho. Msomaji wako akishaielewa tofauti hii atazisoma taarifa za habari kwa jicho jingine.

Sogea sasa kwenye mita yenyewe, maana inastahili kurasa zake. Mita ya nyumbani mara nyingi ni ya nusu inchi. Tarakimu nyeusi ni uniti nzima, na uniti moja ni lita 1,000. Tarakimu nyekundu ni vipande vya uniti. Pana kijigurudumu kidogo kama nyota ambacho huzunguka hata kwa maji kidogo sana. Funga koki zote za ndani ukitazame: kikizunguka, kuna uvujaji baada ya mita, na huo ni wa mwenye nyumba.

Mita hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Maji ya mgao yanaporudi, hewa iliyokuwa ndani ya bomba husukumwa mbele, inazungusha mita, na mteja anahesabiwa hewa. Upande wa pili ni simtanki. Boya lake likikaribia kufunga, maji huingia kwa uzi mwembamba, na mita iliyochakaa haiuhisi uzi huo. Tangi linajaa usiku kucha, namba haisogei. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba mita inamwibia na mamlaka inayolalamika kwamba mita haisomi wanaweza wote kuwa wakweli, tena mtaa mmoja.

Kwa takwimu rasmi, chukua taarifa za kila mwaka za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kuhusu utendaji wa mamlaka za maji. Soma safu za uzalishaji, maji yaliyolipishwa, upotevu na saa za huduma kwa pamoja, usichomoe moja. Uliza pia kama uzalishaji ulipimwa kwa mita kubwa kwenye bomba la kutokea mtamboni au ulikadiriwa kwa kuzidisha saa za pampu na uwezo wake. Pampu ikichakaa hutoa pungufu, lakini kwenye karatasi inaendelea kutoa kama ilivyokuwa mpya, na upungufu huo huja kuandikwa kama upotevu wa mabombani.

Kama utataka kwenda mbali zaidi, Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro na ndiyo yenye vipimo vya mto. Kituo cha kuulizia ni 1H8, kwenye daraja la barabara ya Morogoro. Pale kinachosomwa ni kina cha maji kwenye ubao, na mtiririko hupatikana kwa mkunjo wa grafu unaogeuza kina kuwa ujazo kwa sekunde. Mchanga ukijaa au ukichimbwa, sakafu ya mto hubadilika, na mkunjo wa zamani huanza kutoa majibu ya uongo. Ulizia ulirekebishwa lini mara ya mwisho kabla ya kuandika kwamba mto umepungua.

GatiNaMkokoteni

Najibu la pili. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya dumu na bei ya uniti bila kuzileta kwenye kipimo kimoja. Dumu ni lita 20, kwa hiyo uniti moja ni madumu 50. Tuseme dumu linauzwa shilingi 300 mlangoni: uniti inamfikia mnunuzi kwa shilingi 15,000. Hiyo ndiyo unaiweka pembeni ya bei ya bomba iliyoidhinishwa na EWURA kwa mwaka huohuo, si bei uliyoisikia mtaani.

Kisha fuata mnyororo, maana "muuza maji" si mtu mmoja. Yupo mwenye kisima au gati, yaani kituo cha kuchotea maji kwa ndoo, yupo mwenye boza, yaani lori la maji, yupo mwenye simtanki la kuuzia, yupo wa mkokoteni. Andika bei ya kununua na bei ya kuuza katika kila mkono. Utakuta ongezeko kubwa mara nyingi liko kwenye usafiri. Mkokoteni wenye madumu 10 umebeba kilo 200 za maji, bado uzito wa mkokoteni wenyewe, na unasukumwa juu ya mchanga au matope. Mkokoteni nao mara nyingi ni wa kukodi. Ukimwita mtu huyo mlanguzi kabla ya kuhesabu safari zake, sura imeharibika.

Kila unapoandika bei, andika pia mtaa, saa, umbali kutoka kwenye chanzo, kama siku hiyo bomba lilitoka, na aina ya maji. Hili la mwisho usilipuuze. Maji ya chumvi ya kuoshea vyombo na kufulia yana bei yake, maji baridi ya kunywa yana yake, na nyumba moja hununua yote mawili. Chukua bei za kiangazi na za masika, Machi hadi Mei, kwa sababu mvua ikinyesha watu hukinga kwenye mabati na bei hulegea.

Upande wa bomba nao uwe mwadilifu. Bei ya uniti haina ndani yake gharama ya kuunganishiwa, bomba la kutoka njia kuu, simtanki, na pampu ya kupandisha maji kama presha ni ndogo. Wapangaji wengi hawaioni bili kabisa: mwenye nyumba anagawa kwa vichwa, au anauza kwa ndoo uani kwake. Weka aina tatu za wateja: mwenye mita yake, mpangaji wa mita ya pamoja, na mnunuzi wa dumu. Ukiweka mbili tu, mpangaji anapotea, na mpangaji ndiye Dar es Salaam yenyewe.

Makabrasha

Kuhusu nyaraka, anza na Nyaraka za Taifa, Upanga. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yamehifadhiwa hapo, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia. Mengi yameandikwa kwa mkono kwa hati ya zamani ya Kijerumani ambayo hata Mjerumani wa leo haisomi bila kujifunza. Tenga fedha ya msomaji wa hati, si mtafsiri peke yake. Kibali cha utafiti kishughulikie mapema, kabla ya kupanga ratiba ya kusoma.

Mafaili ya Mwingereza yana mitego mitatu.

Galoni. Yao ni ya lita 4.546. Ukitumia ya Marekani, lita 3.785, unapoteza karibu asilimia 17 ya maji yote bila kujua. Tunza kipimo cha asili kwenye daftari, weka lita pembeni.

Fedha. Rupia zilitumika mpaka miaka ya 1920 ilipoingia shilingi ya Afrika Mashariki. Usijaribu kuigeuza kuwa shilingi ya leo. Linganisha na mshahara wa kibarua wa mwaka huohuo kwenye faili hilohilo, msomaji ataelewa papo hapo.

Wa tatu ni neno "mji". Mji uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Kariakoo kwa Waafrika. Barua ikisema mji umepata maji, soma mpaka ujue ni upande gani, na kama ni bomba la ndani ya nyumba au la kuchota mtaani. Jina moja linaweza kuficha nyumba yenye bafu na mtaa mzima unaopanga foleni kwenye koki moja.

Mtego huo upo hata leo, kwa sura nyingine. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kwa hiyo kwenye nyaraka za baada ya hapo, "Jiji la Dar es Salaam" kiserikali ni Ilala, si Kinondoni, Temeke, Ubungo wala Kigamboni. Ukichukua watu wa mkoa na namba nyingine ya "jiji", hesabu haisimami. Kwa ukuaji wa watu tumia mkoa: 4,364,541 mwaka 2012, na ile 5,383,728 ya 2022.

Kwa kipindi cha karibuni, usiache shauri la City Water, kampuni binafsi iliyopewa mkataba wa kuendesha maji ya jiji. Kampuni ilianza kazi 2003, serikali ikavunja mkataba 2005, na Biwater Gauff, mwanahisa wake mkuu, ikaishtaki Tanzania kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha migogoro ya uwekezaji cha Benki ya Dunia. Hukumu ya Julai 2008 iko wazi kwa umma. Baraza lilisema Tanzania ilikiuka baadhi ya wajibu wake wa kimataifa, lakini halikumpa mlalamikaji fidia. Watu husoma matokeo na kuiacha. Isome yote: imo habari ndefu ya makusanyo ya bili, kumbukumbu za wateja na ahadi za mkataba, na pande zote mbili zinabishana humo, kwa hiyo unaona kila dai na jibu lake. Ni nadra kupata huduma ya maji ya mji wetu imeelezwa kwa kina hivyo katika sehemu moja.

Na majina ya taasisi yaweke kwa miaka yake. DAWASCO, shirika la umma la kuendesha huduma, ilikuja 2005 baada ya City Water, na 2018 iliunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Malalamiko ya 2010 usiyaandikie jina la leo.

ChumviNaMchanga

Swali la nne. Maji baridi chini ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni ya vitabuni inasema kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini ya usawa huo. Igeuze: ukivuta maji hadi uso wake ukashuka mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40 hali ikishatulia. Ndiyo maana kisima kilichotoa maji matamu kwa miaka kinaweza kuharibika baada ya jirani kadhaa kuchimba na kuvuta kwa nguvu. Chini ya pampu maji ya chumvi hupanda kama kichuguu. Ukipumzisha kisima hushuka, lakini polepole kuliko yalivyopanda.

Kwa kupima, nunua kipimo cha mkononi cha EC, yaani uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao hupanda chumvi ikizidi. Kila asubuhi kirekebishe kwa maji maalumu ya maikrosimensi 1,413 kwa sentimita, na hakikisha kinasahihisha joto hadi nyuzi 25. Maji ya bahari yako karibu 50,000. Kisha:

Usipime kwenye koki ya jikoni. Simtanki huchanganya kisima, boza na mvua. Nenda kwenye bomba la kutokea kisimani, acha pampu ifanye kazi mpaka usomaji utulie, yaani masomo matatu ya dakika tano tano yasiyotofautiana sana. Andika kina cha kisima, kina cha pampu, umbali kutoka baharini, saa, na kama bahari imejaa au imekupwa. Rudia kisima kilekile kiangazi na baada ya masika. Kisima kimoja siku moja hakithibitishi kwamba bahari inaingia. Kinathibitisha kwamba siku hiyo maji yalikuwa na chumvi, basi.

Kipimo kinapodanganya zaidi ni kwenye chanzo cha chumvi. EC inahesabu chumvi zote, na choo cha shimo nacho kinatoa chumvi, kwa sababu mkojo una kloraidi. Mtaa wenye msongamano wa vyoo mbali na ufukwe unaweza kuonekana kama umeingiliwa na bahari. Peleka sampuli maabara wapime kloraidi na naitreti pamoja. Kloraidi ikizidi miligramu 250 kwa lita watu wengi huanza kuionja. Naitreti ikipita miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, shuku vyoo kwanza. Na soma karatasi ya maabara vizuri: wengine huandika naitreti nzima, wengine huandika nitrojeni iliyomo tu, na hapo kikomo kilekile kinasomeka kama 11. Kuna mtu atasherehekea 20 akidhani yuko salama.

Sampuli ya vijidudu ina taratibu zake: chupa iliyotakaswa, na kama maji yana klorini iwe na dawa ya kuiua klorini hiyo. Koki ichomwe moto au ipanguswe kwa spiriti, maji yamwagike dakika mbili, chupa isijazwe mpaka juu. Iwekwe kwenye boksi la barafu na ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, isipite 24. Ikichelewa juani, matokeo ni ya safari yako, si ya kisima.

Jambo moja la haki: usichanganye visima vya nyumbani na visima virefu vya mradi wa Kimbiji na Mpera, kusini mwa jiji, vinavyokwenda mamia ya mita. Ni tabaka jingine la ardhi, na maswali yake ni mengine.

KalamuYaPwani

Nashukuru sana wakuu, hata sura ya mita nimeiona upya. Naongeza moja: majitaka na Msimbazi. Na je, watu nitakaowahoji niwataje?

FundiMita

Majitaka wahandisi hukadiria kama asilimia 80 ya maji yaliyotumika. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka, kwa hiyo kiasi hicho kinaingia kwenye mashimo. Gari la kunyonya likipita, fuatilia linamwaga wapi, kwa mfano mabwawa ya Vingunguti, na hesabu magari langoni kwa siku nzima. Gari lisipoweza kuingia kichochoroni, kazi inafanywa na wale wanaoitwa vyura, kwa mikono na ndoo. Waandikie kwa heshima, andika vifaa wanavyokosa: buti, glavu, barakoa, na mahali halali pa kumwaga.

Kuna jambo linaunganisha sura hii na ya mabomba. Bomba la mgao likikauka, presha ndani hushuka, na likiwa na ufa huku limelala kwenye mfereji mchafu, hunyonya. Maji ya mwanzo yanaporudi ndiyo ya kupimwa: klorini iliyobaki iwe angalau miligramu 0.2 kwa lita kwenye koki ya mteja.

Makabrasha

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini kwenye daraja la Selander. Tumia ramani za Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wakazi, zina mifereji na majengo mpaka ngazi ya mtaa. Kwa mafuriko ya Desemba 2011 tenganisha vitu vitatu: mvua iliyonyesha, maji yaliyofika, na nani alikuwa amejenga pale na kwa nini. Waathirika wengi walihamishiwa Mabwepande. Nenda na huko, uulize umbali wa kazi, shule na maji, kisha urudi bondeni uone nani anaishi sasa kwenye viwanja vilivyoachwa.

Kuhusu majina, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina, sauti na picha ni taarifa binafsi. Pata ridhaa kabla ya kurekodi, eleza kitabu kitauzwa wapi, na mpe mtu nafasi ya kujitoa kabla ya kuchapa. Mwenye maunganisho yasiyo halali usimtaje hata akikubali, na usitaje nyumba wala kichochoro chake. Kuziba uso kwenye picha hakutoshi kama geti linaonekana.

GatiNaMkokoteni

Naongeza hapo: kwa wauza maji, ficha pia jina la chanzo kama ni kimoja mtaani. Ukisema "gati la karibu na msikiti" umeshamtaja mwenyewe.